Saa ya Juba na Kompyuta Zisizopumzika

Ilipotimu saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa muda wa saa moja, ikaziacha saa za Afrika Mashariki ilizokuwa ikizifuata pamoja na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ikaingia katika saa za Afrika ya Kati, ambazo ndizo saa za Kigali, Bujumbura na Goma. Khartoum ilikuwa imekwisha kufanya vivyo hivyo tangu tarehe 1 Novemba 2017, na kwa hiyo Juba na Khartoum, miji miwili iliyokuwa chini ya dola moja hata Julai 2011, ilipatana tena kwa saa baada ya kuhitilafiana kwa miaka mitatu na ushei. Kwa mchuuzi wa soko la Konyo Konyo mjini Juba jambo hili lilikuwa jepesi, kwani ilimtosha kurudisha akrabu ya saa yake na kulala saa moja zaidi. Lakini katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, ambapo tiketi iliyoandikwa Nairobi, orodha ya abiria iliyochapwa Entebbe, karatasi za shehena ya misaada na taarifa ya hali ya hewa hukutana juu ya meza moja, saa si akrabu peke yake. Ni maandishi yaliyomo ndani ya kila kompyuta, na maandishi hayo yalipasa kubadilishwa ilhali kompyuta zenyewe zinatumika.

Kompyuta haitunzi saa kwa namna tuijuayo sisi. Ndani yake mna hesabu moja isiyojua mji wala dola, hesabu ya muda uliopita tangu siku iliyochaguliwa kuwa mwanzo, ambayo katika mifumo ya jamii ya Unix ni tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia. Na pembeni ya hesabu hiyo mna daftari la miji, ambamo imeandikwa kwamba tangu siku fulani hata siku fulani Juba ilikuwa mbele ya saa ya dunia kwa saa kadha wa kadha. Saa tuionayo kiooni ni zao la vitu hivyo viwili. Daftari hilo hutunzwa na watu wa kujitolea, hugawiwa ulimwengu mzima pasipo malipo, na toleo lake lililobeba habari ya Juba lilitolewa tarehe 24 Januari 2021, yaani siku nane tu kabla ya badiliko lenyewe. Katika siku nane hizo kila mtengenezaji wa mfumo wa uendeshaji alipaswa kulichukua toleo hilo, kulijaribu na kulipeleka kwa watu wake, na kila mwenye dhamana ya kompyuta alipaswa kulipokea na kulitia mahali pake.

Tufikiri sasa hali ya karani ambaye kompyuta yake haikulipata daftari jipya. Asubuhi ya siku ile anafungua kazi, anaona kioo kinatangulia saa ya ukutani kwa saa moja, na kwa nia njema kabisa anairudisha saa ya kompyuta kwa mkono. Uso wa saa umesahihishwa, lakini hesabu ya ndani, ambayo ilikuwa sahihi tangu awali, sasa ndiyo iliyoharibika, kwa maana karani ameirudisha nyuma hesabu ya dunia ili kuficha upungufu wa daftari la mji. Mipango ya safari za ndege ulimwenguni kote huandikwa kwa saa ya dunia, ile ambayo marubani huiita Zulu, pasipo kujali kama ndege inaruka kutoka Juba au Jeddah. Basi kosa la uso lingemchelewesha abiria, ilhali kosa la hesabu ya ndani huweza kuingia katika kumbukumbu ya safari yenyewe. Zaidi ya hayo, mitandao mingi ya ofisi zitumiazo Windows humkatalia mtumiaji kuingia endapo saa ya kompyuta yake imeachana na saa ya seva kwa zaidi ya dakika tano, na karani yule, aliyedhani ametengeneza, atajikuta amefungiwa nje ya kazi yake bila ya kujua sababu.

Hata yule aliyelipokea daftari jipya kwa wakati hakuwa amekwisha salimika. Programu nyingi husoma habari za namna hii mara moja tu, zinapoanza kazi, kisha huzishika katika kumbukumbu yao hata zitakapofungwa. Na programu iliyoanza kazi Jumatatu, daftari likabadilishwa diskini Jumatano, inaweza kuendelea hata mwezi wa pili kutumia habari ya Jumatatu. Mkaguzi akitazama diski ataona kila kitu ni kipya. Akiitazama kazi inayotendeka ataona mambo ya zamani. Hapa ndipo lilipo shina la mas'ala yote ya kuhuisha mfumo wa kompyuta ilhali inatumika, na ningependa msomaji anivumilie tulitazame kwa utulivu, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona katika maofisi yetu yanatokana na kutolijua jambo hili moja.

Mfumo wa uendeshaji ndio msimamizi wa kompyuta. Ndio ugawao kumbukumbu, ufunguao faili, upokeao maneno kutoka kinanda na kutoka mtandao, na programu nyingine zote, iwe ya tiketi, ya forodha au ya barua, huomba haja zao kwake. Kuubadilisha msimamizi huyo huku waombaji wamepanga foleni mbele yake ni jambo ambalo jamii mbili kubwa za mifumo zimelitatua kwa njia mbalimbali. Windows kwa kawaida hulinda faili iliyofunguliwa isibadilishwe na mtu mwingine, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi huwekwa kando hata kompyuta izimwe na kuwashwa. Ndiyo sababu ya ule ujumbe unaotuambia tusubiri wala tusizime, nao ni ujumbe wa kutiiwa. Mifumo ya jamii ya Unix, ambayo Linux ndiyo mashuhuri kuliko zote hivi leo, hutenganisha jina la faili na kiwiliwili chake. Toleo jipya linapowekwa, jina hunyang'anywa kiwiliwili cha zamani likapewa kiwiliwili kipya. Lakini kiwiliwili cha zamani hakifi, bali huendelea kuwapo diskini bila jina, kikiwatumikia wale waliokwisha kukishika, na hufutwa pale tu wa mwisho wao anapokiachilia.

Fadhila ya mpango huu ni kubwa. Mtu anaweza kuhuisha maelfu ya faili mchana, watu wakiwa kazini, na hakuna atakayekatiwa neno katikati. Hatari yake nayo ni kubwa vivyo hivyo, kwa kuwa tundu la usalama lililokusudiwa kuzibwa linaendelea kuwa wazi katika kila programu iliyoanza kabla ya kiraka kufika, na mwenye mashine, akiisha kuona orodha ndefu ya matoleo mapya ikipita kiooni, huenda nyumbani akiwa na moyo uliotulia pasipo haki. Dawa ni kuzianzisha upya huduma moja moja, kwa zamu, na zipo zana zinazoweza kuonyesha ni programu zipi bado zimeshika faili zilizokwisha kuondolewa. Kwa kiini cha mfumo chenyewe, ambacho hakiwezi kufungwa na kufunguliwa kama programu, shurti ni kuwasha mashine upya, isipokuwa pale panapotumika ufundi wa kutia viraka katika kiini kinachotembea. Ufundi huo ulidhihirishwa na Jeff Arnold wa chuo cha MIT mwaka 2008 kwa kazi aliyoiita Ksplice, na mwaka 2015 msingi wa kutia viraka kwa namna hiyo ukaingia katika Linux yenyewe, toleo la 4.0. Ni ufundi wa kustaajabisha, lakini mipaka yake ijulikane: huziba matundu yaliyo madogo, nao hauvushi mfumo kutoka toleo kuu moja hata jingine. Anayeutumia ili asizime mashine yake kamwe, huyo ameutumia visivyo.

Nalisisitiza hili la kuzima na kuwasha kwa sababu iko fahari moja miongoni mwa mafundi, fahari ya kuhesabu siku ambazo mashine imekaa bila kuzimwa, na kutozima huko kumekwisha kuwaponza waongoza ndege. Tarehe 14 Septemba 2004, kituo cha Palmdale huko California, kinachoongoza ndege katika anga ya Los Angeles, kilipoteza mawasiliano ya redio na ndege zilizokuwa angani, na mtambo wa akiba nao ukashindwa. Mtambo wa sauti ulikuwa umehamishwa kutoka Unix kwenda Windows, na katika uhamisho huo iliingia hesabu ya milisekunde ambayo hufika ukomo wake baada ya siku 49 na ushei, kwa kuwa nafasi iliyotengewa namba hiyo hujaa. Wenyewe walilijua jambo hilo, wakaweka kaida kwamba mtambo uzimwe na kuwashwa kila baada ya siku 30. Safari hiyo kaida haikutimizwa. Marubani na waongozaji waliokoa maisha ya watu kwa akili zao na kwa mitambo iliyokuwa ndani ya ndege, lakini ndege kadhaa zilikaribiana kuliko inavyoruhusiwa, na kiini cha yote kilikuwa ni uhamisho wa mfumo ulioacha nyuma yake deni ambalo binadamu alipaswa kulilipa kwa mkono kila mwezi.

Turudi Juba. Uwanja huu una njia moja tu ya kurukia, na njia hiyo huzihudumia ndege za abiria, ndege za Umoja wa Mataifa, ndege za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na ndege ndogo ziendazo majimboni ambako wakati wa masika barabara hugeuka matope. Abiria waliopita hapo kabla ya Oktoba 2018, jengo jipya lilipofunguliwa, wanakumbuka mahema yaliyokuwa yakitumika badala ya ukumbi, joto lake, na mizigo iliyopangwa chini. Lau wangalisema uwanja ufungwe hata jengo likamilike, nchi nzima ingalikatika. Kilichofanyika ni kwamba kipya kilijengwa kando, cha zamani kikaendelea kutumika pamoja na dhiki zake zote, na watu wakahamishwa pale kipya kilipokuwa tayari kuwapokea.

Watengenezaji wa mifumo wamefika katika shauri hilo hilo kwa njia yao wenyewe. Simu nyingi za Android, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, hugawanya sehemu ya mfumo katika nafasi mbili: moja inatumika, nyingine imelala. Toleo jipya huandikwa polepole katika nafasi iliyolala huku mwenye simu akizungumza na jamaa zake, naye hahisi chochote. Siku akiiwasha simu upya, huamkia upande mpya, na kama upande huo hauwezi kuamka sawasawa, simu hurudi yenyewe upande wa zamani. Seva nazo huweza kupata hifadhi ya namna hiyo kwa kupiga taswira ya diski kabla ya kazi, au kwa kuwa na mashine mbili pacha, moja ikihuishwa huku nyingine inapokea wateja. Na hata Linux ya kawaida kabisa, yenye diski moja na mashine moja, kwa desturi huacha kiini cha zamani kando ya kipya, ili fundi aweze kukichagua wakati wa kuwasha. Mimi naona hiki ndicho kipimo cha kwanza cha usalama, kinachotangulia ustadi wa fundi na wepesi wa vyombo vyake: je, cha zamani kingali hai, na njia ya kukirudia imejaribiwa?

Neno kujaribiwa nalisema kwa makusudi. Nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa hata mara moja ni tumaini tu. Faili zinakiliwe katika diski nyingine, diski hiyo iondolewe katika mashine, kisha ichukuliwe kompyuta nyingine, hata ikiwa chakavu, na nakala irejeshwe humo ili ithibitike kwamba inafunguka. Na pacha nao wana mtihani wao. Tarehe 28 Agosti 2023 mtambo unaopokea mipango ya safari za ndege nchini Uingereza ulikutana na mpango mmoja ambamo vituo viwili tofauti vya angani vilikuwa na alama moja, kimoja kikiwa Deauville huko Ufaransa na kingine Devils Lake huko Marekani. Mtambo mkuu ukashindwa kufahamu, ukajisimamisha, na mtambo wa akiba, wenye programu ile ile, ukapokea mpango ule ule na kujisimamisha vile vile. Safari za watu wengi sana ziliharibika siku hiyo. Kwa hiyo pacha wawili wasihuishwe kwa usiku mmoja. Mmoja atangulie, afanye kazi siku kadhaa machoni pa watu, ndipo mwenziwe afuate.

Kutotangulizana huku ndiko kulikouangusha ulimwengu tarehe 19 Julai 2024, wakati kampuni ya CrowdStrike ilipopeleka habari mpya za ulinzi, zenye kasoro, kwa kompyuta za wateja wake kila pembe ya dunia kwa wakati mmoja. Kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zenye Windows ziliathirika, zikawa zinaanguka kila zinapowashwa, na viwanja vya ndege katika mabara mbalimbali vikarudia karatasi na kalamu. Kasoro yenyewe iliondolewa upesi. Kilichochukua siku nyingi ni kwamba aghalabu ya mashine zilihitaji mtu aende mwenyewe, akae mbele yake, na kuitoa faili ile kwa mkono. Mwenye kompyuta moja mjini huweza kuvumilia safari hiyo. Mwenye kompyuta katika kiwanja cha Malakal au Rumbek, naye yuko Juba, sharti angoje ndege.

Umbali huo una hadhari zake za pekee. Anayehuisha mashine ya mbali kupitia mtandao anasimama juu ya daraja analolibomoa, maana mawasiliano yakikatika katikati ya kazi, kazi yenyewe huweza kukatika pamoja nayo na kuacha mfumo nusu mpya nusu wa zamani, hali iliyo mbaya kuliko kuwa wa zamani wote. Ndiyo maana mafundi huianza kazi ndani ya programu kama screen au tmux, ambazo huishikilia hata mtandao ukipotea, na zana ya Ubuntu ya kuvukia toleo jipya, ikiona fundi ameingia kwa njia ya mbali, hufungua mlango wa pili wa akiba, ili wa kwanza ukijifunga asibaki nje. Aidha, faili zote zishushwe kwanza, zikaguliwe kwamba zimefika kamili, ndipo uwekaji uanze. Juba ilitegemea setilaiti kwa miaka mingi hata waya wa fiba kutoka mpaka wa Uganda ulipoifikia mwaka 2020, na bado busara ni kuziweka faili katika seva moja ya ndani, ikazigawia nyingine, kuliko kila kompyuta kuzivuta peke yake kutoka ng'ambo.

Na umeme. Katika mji uliozoea kuishi kwa jenereta, hakuna hatari iliyo karibu zaidi kuliko kioo kuzimika wakati daftari la programu limeandikwa nusu. Betri ya UPS isiwe pambo chini ya meza; ipimwe kabla ya kazi kwa kuichomoa ukutani na kuhesabu dakika inazodumu, na dakika hizo zilinganishwe na urefu wa kazi. Kompyuta ya mapajani nayo iwe imejaa chaji, na waya wake uwe mahali pasipopitwa na miguu ya watu.

Iko hatari nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya lugha. Katikati ya kuhuisha, mfumo husimama ukauliza maswali: je, faili hii ya mipangilio uliyoibadilisha wewe, nikuachie yako au nikupe mpya? Karani asiyeifahamu lugha ya swali hubonyeza kukubali, na mipangilio ya miaka mingi hupotea kwa pigo moja la kidole. Juhudi za kuzifanya kompyuta ziseme nasi zimekuwapo tangu zamani, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Lakini maswali hayo mazito, yanayoulizwa saa nane za usiku mbele ya mtu mwenye usingizi, kwa sehemu kubwa bado hayajafasiriwa. Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zisikikazo kila siku katika kumbi za uwanja wake. Kazi ya kuyafasiri maswali haya ingewafaa watu wengi kuliko tunavyodhani.

Anga yenyewe ya nchi hii imekwisha kuonja maana ya kutegemea chombo kimoja kilicho mbali. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, ndege zilizopita juu ya Sudan Kusini kwa kimo kinachozidi futi 24,500 zilihudumiwa kutoka Khartoum, na vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, uwanja wa ndege ukiwa miongoni mwa mahali pa kwanza kupigwa, huduma hiyo ilikatika. Aliyepanga kazi ya kompyuta na ajiulize swali la namna hiyo kabla ya kuanza: iwapo hiki kitazimika na kisirudi hata asubuhi, abiria wataandikwa wapi? Orodha zichapwe karatasini mapema, vitabu vya kupokelea mizigo viwekwe mezani, na makarani waoneshwe mara moja namna ya kuvitumia.

Mwisho wa yote, uchaguliwe usiku ambao safari ni chache, na kabla mkono haujagusa kinanda iandikwe saa ya kurudi nyuma. Ikiwa kaunta zitafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na kurejesha nakala ya zamani huchukua saa mbili, na nusu saa yahitajika kujaribu, basi ifikapo saa tisa na nusu usiku, kama kipya hakijasimama kwa miguu yake, kazi ikomeshwe na cha zamani kirejeshwe, hata kama fundi anaapa kwamba zimebaki dakika kumi tu. Jina la mtu mwenye mamlaka ya kutoa amri hiyo liandikwe pia, na afadhali asiwe fundi mwenyewe, kwa kuwa aliyezama katika kazi huuona ufuo karibu kuliko ulivyo. Na amri ikitolewa, fundi asilaumiwe. Usiku mwingine upo, na mashine iliyorudishwa salama itamngoja.